Nasaba, Chuo na Ukimya: Malezi katika Maandishi ya Tanga, kutoka Habari za Wakilindi hadi Shaaban Robert

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vingi vya kiada na katika tasnifu nyingi zinazohusu fasihi ya Kiswahili, sehemu ya kumweleza mwandishi hufuata mpangilio mmoja. Huanza na mahali alipozaliwa, ikataja wazazi wake na kabila lao, ikaorodhesha shule alizosoma, ndipo ikafikia kazi zake. Mpangilio huo huonekana kuwa wa kawaida kiasi kwamba ni nadra kuulizwa unadai nini. Ukweli ni kwamba unadai jambo kubwa: kwamba ukoo na elimu ya awali ndiyo mizizi, na kazi za mwandishi ni matunda yake.

Dai hilo lina wazee wake. Huko Ufaransa, katika karne ya 19, Hippolyte Taine alishikilia kwamba fasihi ifafanuliwe kwa kuangalia asili ya mwandishi, mazingira yake na wakati wake. Katika pwani ya Afrika Mashariki methali zimekwisha kulisema jambo la jamii hiyo kwa ufupi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, hazina hiyohiyo ya methali ina sauti zinazopingana. Isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka huipa damu uwezo wote na kuyanyima malezi nafasi. Isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hukubali kuwa malezi ya nyumbani yaweza kushindwa na maisha yakaendelea kufundisha. Jamii yenye methali hizi zote haijafikia uamuzi, bado inabishana.

Makala hii inaufuata ubishi huo katika maandishi matatu yenye uhusiano na Tanga: Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, simulizi ya maisha ya Martin Kayamba, na tawasifu ya Shaaban Robert, Maisha Yangu, pamoja na kazi zake nyingine zinazoigusa mada hii. Hoja kuu ni kwamba Shaaban Robert, ambaye wasifu wake hutumiwa sana kuonyesha jinsi malezi yanavyomuunda mtu mashuhuri, mwenyewe hakuyatumia malezi kueleza jinsi alivyopata kuwa alivyo. Aliyahamisha kutoka wakati uliopita hadi wakati ujao, yakawa deni la mzazi kwa mtoto. Uhakiki unaoharakisha kuujaza ukimya wake kwa taarifa za ukoo na shule unaipoteza hoja hiyo. Makala inaonyesha pia kwamba ukimya huo una gharama yake, na kwamba gharama hiyo haina budi kuhesabiwa.

2.0 Kigego aliyepata kuwa mfalme: Habari za Wakilindi

Habari za Wakilindi ilichapwa kwa mafungu katika misheni ya Magila, huko Bondei, kuanzia miaka ya 1890. Mwandishi wake aliishi na kuwatumikia Wakilindi kabla ya kuingia katika utawala wa Tanga wakati wa Wajerumani. Masimulizi yake yanaanza na Mbega wa Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza na kwa sababu hiyo akahesabiwa kuwa kigego, mtoto wa nuksi. Wazazi wake walipokwisha kufa, jamaa zake walimnyima urithi na kumtenga. Aliondoka akiwa na mbwa wake na ujuzi wa kuwinda, akapita Kilindi, akafika Usambara, na kwa kuwagawia watu nyama na kuwaamulia mashauri yao akafanywa mfalme wa Vugha.

Kwa msomaji wa leo kisa hiki kinaweza kuonekana kuwa ushindi wa vitendo dhidi ya nasaba. Mtu aliyehukumiwa na kinywa chake mwenyewe siku meno yalipoota anathibitisha kwa mikono yake kwamba hukumu ile ilikuwa batili. Lakini kitabu hakiishii hapo. Mara Mbega anapotawala, vitendo vyake vinageuka kuwa nasaba. Sehemu kubwa ya masimulizi yanayofuata inahusu wanawe na wajukuu wake wanaodai utawala kwa kuwa wao ni damu ya Mbega, hadi vita vya ndugu kwa ndugu vilivyoisambaratisha nchi baada ya kifo cha Kimweri. Aliyekataliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake anakuwa chimbuko la watu wanaojipatia haki kwa sababu ya kuzaliwa kwao.

Mgeuko huo ndio mchango wa kwanza wa maandishi ya Tanga katika mjadala huu. Unaonyesha kwamba nasaba ni habari inayotungwa baada ya tukio, na kwamba wanaoitunga wana haja nayo. Kigego hakuwa na haja ya nasaba alipokuwa mwituni. Wajukuu wake ndio waliokuwa nayo walipogombea kiti.

3.0 Martin Kayamba: nasaba na shule kama hati ya kuingilia

Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika familia ya Kibondei iliyohesabu asili yake hadi kwa Kimweri, mfalme wa Usambara. Kwa hiyo yeye ni tawi la mti uleule uliooteshwa na Mbega. Baba yake alisoma katika chuo cha misheni ya UMCA, Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kuendelea na masomo. Martin naye alipitia Kiungani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipanda ngazi za ukarani wa serikali mjini Tanga, ambako mwaka 1922 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, kilichowakutanisha Waislamu na Wakristo. Mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Simulizi ya maisha yake ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1936 katika kitabu Ten Africans, kilichohaririwa na Margery Perham. Humo ukoo na shule vinachukua nafasi ya mbele. Msomaji anapewa babu, baba, misheni na chuo kabla ya kupewa kazi, na kila kimojawapo kinaandaa njia ya kinachofuata.

Ni rahisi kuuona mpangilio huu kuwa ni majivuno. Uhakiki wa haki unapaswa kuuliza kwanza simulizi hii inasomwa na nani. Philippe Lejeune, katika maandishi yake ya mwaka 1975, aliita tawasifu kuwa ni mkataba kati ya mwandishi na msomaji. Kayamba alikuwa akifunga mkataba na msomaji wa Kiingereza, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa imeshika siasa ya kutawala kupitia machifu na ikimtilia shaka karani msomi kuwa ni mtu aliyeng'olewa katika mila zake. Ukoo wa kifalme ulijibu shaka kwamba msomi hana mizizi. Shule ya misheni na safari ya baba Uingereza zilijibu shaka kwamba Mwafrika si wa kuaminiwa katika madaraka. Kwa Kayamba, basi, nasaba na chuo ni hati ya kuingilia katika mlango uliokuwa na bawabu.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba hati hiyo haimwelezi mtu kikamilifu. Chama cha mwaka 1922 kiliwaleta pamoja watu ambao dini zao, shule zao na koo zao zilitofautiana. Tangu miaka ya 1890 Tanga ilikuwa na shule ya serikali iliyoanzishwa na Wajerumani, ambayo iliwaandaa makarani na walimu nje ya misheni, na ambayo ndiyo iliyotoa gazeti la Kiongozi. Wanachama wa Kayamba walikuwa na malezi mengi, na kilichowaunganisha kilikuwa kazi na maslahi yao ya pamoja. Kitendo chake kikubwa zaidi mjini Tanga kilitegemea uwezo wa kuvuka mipaka ya malezi yake mwenyewe, jambo ambalo mpangilio wa kuanzia kwa babu hauwezi kulionyesha.

4.0 Maisha Yangu: tawasifu isiyo na utoto

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaingia utumishi wa forodha, alikokaa hadi 1944. Mwaka 1946 alirudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya serikali, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji. Alifariki mwezi Juni 1962, akazikwa Vibambani. Hizi ndizo taarifa zinazorudiwa katika karibu kila utangulizi wa kazi zake, na mara nyingi huongezewa mjadala kuhusu asili yake ya Kiyao na maana ya jina Robert kwa Mwislamu wa pwani.

Msomaji anayekifungua Maisha Yangu, kilichochapishwa mwaka 1949, akitarajia kupata taarifa hizo kwa mdomo wa mwenyewe hatazipata. Kitabu kinamkuta mwandishi akiwa mtu mzima, mwenye kazi, mume na baba. Utoto wa Vibambani, wazazi, na miaka ya shule havisimuliwi. Kinachosimuliwa ni ndoa, msiba wa mkewe Amina, watoto, uhamisho na utumishi.

Ukimya huu hauwezi kuelezwa kwa kudai kwamba mwandishi hakuijua kanuni. Jadi ya wasifu katika ulimwengu wa Kiislamu, ambayo masheikh wa pwani waliirithi, huanza na nasaba na kuendelea na orodha ya walimu: fulani bin fulani, aliyesoma kwa fulani. Shaaban Robert alikulia pembezoni mwa jadi hiyo. Aidha, alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad aliifuata kanuni ya kuanzia kwenye asili, kama itakavyoonyeshwa. Aliyejua kuanza na nasaba ya mtu mwingine alijua pia kwamba anaiacha nasaba yake.

Wala haielekei kwamba mambo ya ukoo hayakumhusu. Barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa mwaka 2002, zinahusu miaka kuanzia 1931 hadi 1958. Mawasiliano ya ndugu wawili yaliyodumu kwa zaidi ya robo karne si alama ya mtu asiyejali familia. Yanaonyesha mgawanyo: familia ilikuwa na mahali pake, katika barua inayofungwa na kutumwa, kitabu kinachosomwa na umma kilipewa kazi nyingine.

Mazingira ya wakati huo yanaufanya mgawanyo huo ueleweke. Katika miji ya pwani chini ya Waingereza, swali la "wewe mtu wa wapi?" halikuwa la maamkizi tu. Utawala uliwagawa watu kwa makabila na mbari, na jamii ya pwani yenyewe ilikuwa na mizani yake ya kuwapima waungwana na waliotoka bara. Mtu ambaye ukoo wake ulihusishwa na Uyao na jina la baba yake lilikuwa Robert angeweza kuanza kitabu chake kwa kujitetea. Tafsiri inayopendekezwa hapa ni kwamba alikataa kuanza kwa utetezi. Kayamba alimwonyesha bawabu hati; Shaaban Robert, akiwaandikia wasomaji wa Kiswahili, hakumtambua bawabu.

5.0 Malezi yaliyogeuzwa kuwa deni

Ukimya kuhusu malezi aliyopewa unapata maana unapowekwa karibu na wingi wa maneno kuhusu malezi anayotoa. Ndani ya Maisha Yangu mna tenzi mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Tenzi hizi zinaendeleza jadi ya wosia wa mzazi, ambayo mfano wake maarufu ni utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya binti yake. Katika kitabu kinachoombolezea kifo cha mama, baba ndiye anayeshika kalamu ya wosia. Nafasi ambayo tawasifu ya kawaida huipa sura ya "nilivyolelewa" imechukuliwa na "ninavyolea".

Badiliko hilo ni la kifikra. Malezi yakiwa maelezo, humwondolea mtu sehemu ya wajibu: niko hivi kwa kuwa nililelewa hivi. Yakiwa deni, humwongezea wajibu: huyu atakuwa vipi nisipomwambia? Uamuzi wa mwelekeo wa pili unaonekana pia katika hadithi zake. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili, Hasidi na Mwivu ni watoto wa nyumba moja. Wanashiriki wazazi na urithi, lakini mmoja anajenga na wawili wanafuja, kisha wanamwonea kijicho aliyewasaidia hata wakamtosa baharini. Iwapo ukoo na malezi ya awali ndivyo vinavyomuunda mtu, hadithi hii haiwezekani. Shaaban Robert anaweka malezi sawa ili tofauti ya tabia ibaki bila kisingizio.

Hata hivyo, kumwona kuwa ni mtu asiyeamini elimu ya utotoni kungekuwa kosa. Kufikirika, kilichochapishwa baada ya kifo chake, kina mfalme aliyengoja mtoto kwa muda mrefu, na mtoto alipopatikana, elimu yake ikawa mgogoro wa dola. Mwalimu anayetaka michezo ipewe nafasi katika masomo ya mwanamfalme anapoteza kazi yake. Katika Kusadikika, cha mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika riwaya zote mbili anayefundisha yumo hatarini, na watawala ndio wanaoiogopa elimu. Elimu inahesabiwa kuwa na nguvu, ila nguvu hiyo inaonekana katika mapambano ya nani afundishwe nini. Haigeuzwi kuwa hadithi ya jinsi mtu mkubwa alivyopikwa tangu utotoni.

6.0 Siti binti Saad: asili kama kipimo cha mwendo

Wasifu wa Siti binti Saad ndio mtihani mgumu zaidi wa hoja hii, kwa kuwa hapa mwandishi anaeleza asili. Siti, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kupewa jina la Mtumwa, alikuwa mtoto wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Hakupata shule. Alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kufunzwa uimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Wapinzani wake walimdhihaki kwa asili na umaskini wake.

Shaaban Robert hakuificha asili hiyo wala hakuipamba. Aliitumia kuwa kipimo cha umbali aliousafiri Siti. Swali la wasifu wa kawaida ni "alitoka wapi hata akawa hivi?", na jibu lake hutafutwa katika ukoo. Katika wasifu huu ukoo na ukosefu wa chuo haviwezi kutoa jibu, hivyo msomaji analazimika kulitafuta katika kipaji, bidii na tabia ya Siti mwenyewe. Asili imetajwa ili ionekane kwamba haitoshi. Kwa maana hiyo Wasifu hauipingi Maisha Yangu. Waliomdhihaki Siti walikuwa wamekwisha kuitamka asili yake kama tusi, na kunyamaza kungekuwa ni kukubali kwamba mna aibu ndani yake.

7.0 Gharama ya ukimya

Hoja iliyojengwa hapa inakabiliwa na pingamizi zito, nalo halihusu ukoo bali shule. Mtoto wa Kiafrika aliyesoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926 hadi kupata cheti alikuwa mmoja wa wachache mno. Inaelezwa kwamba Shaaban Robert alikuwa wa pili kati ya watahiniwa 11 waliofaulu. Nafasi hiyo ndiyo iliyompa ukarani, mshahara, karatasi na muda wa kuandika usiku. Tawasifu isiyotaja shule inamwachia msomaji dhana kwamba juhudi na uadilifu peke yake vilitosha. Wenziwe wa Vibambani ambao hawakuvuka kwenda Dar es Salaam hawamo kitabuni, na kutokuwemo kwao kunalifanya fumbo la nafasi lionekane kuwa suala la tabia.

Pingamizi hili lina uzito zaidi katika tenzi za wosia. Hati inamtayarisha binti zaidi kwa dini, heshima na unyumba; Adili inamtayarisha kijana kwa kazi na maisha ya hadhara. Anayesisitiza kwamba malezi ni deni anapaswa kuulizwa kwa nini deni linalipwa kwa sarafu mbili. Hapa ndipo ukimya kuhusu malezi yake mwenyewe unapomgharimu: mtu asiyesimulia jinsi alivyofanywa kuwa mwanamume msomi hapati nafasi ya kuuliza ni nani hakupewa njia hiyo. Ajabu ni kwamba Siti, mwanamke asiye na shule, ndiye aliyemlazimisha kulikaribia swali hilo.

Pingamizi hili haliibatilishi hoja kuu, linaiwekea mpaka. Kukataa malezi kuwa maelezo kunamlinda mtu dhidi ya dharau ya nasaba. Kukataa kuyataja kabisa kunaweza kuificha neema ya shule.

8.0 Hitimisho

Maandishi ya Tanga yaliyojadiliwa yanatoa namna tatu za kulikabili swali la ukoo na elimu ya awali. Habari za Wakilindi inaonyesha nasaba ikizaliwa kutokana na vitendo na kisha ikivimeza. Kayamba anaitumia nasaba na chuo kumjibu msomaji mwenye mamlaka juu yake. Shaaban Robert anaiacha nasaba yake, anasimulia ya aliyedhihakiwa, na kuyageuza malezi kuwa wajibu kwa watoto.

Kwa uhakiki, matokeo yake ni ya vitendo. Sehemu ya "historia ya mwandishi" katika tasnifu na vitabu vya kiada isiendelee kuwa mlango ambao kila msomaji hupitishwa kabla ya kuingia katika kazi. Pale mwandishi alipozungumza juu ya asili yake, ni sharti iulizwe alimjibu nani. Pale aliponyamaza, ukimya usomwe kama sehemu ya matini, pamoja na watu ambao ukimya huo umewaacha nje. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba Shaaban Robert alikuwa mkubwa kwa sababu ya alikotoka anapewa maelezo ambayo mwandishi mwenyewe hakuyaweka kitabuni. Ananyimwa swali ambalo mwandishi aliliweka humo mara mbili, kwa binti na kwa mwana: mzazi anadaiwa nini na mtoto wake.